Waliopita Gazi Wasirudi

Msitu wa Mwele, ndani ya vilima vya Shimba, umelia bunduki mara mbili katika historia iliyoandikwa. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1895, mabaharia wa manowari za Kiingereza walipopanda kutoka pwani kwenda kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, bwana wa Gazi aliyekataa kutawaliwa. Mara ya pili ni tarehe 9 Januari 1916. Siku hiyo Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa na shamba la katani karibu na Mombasa, alitoka na kikosi chake cha Waarabu na Waswahili kuwafuata Wajerumani waliokuwa wamevuka mpaka. Wajerumani walikuwa wanamngoja vichakani. Wavell akafa pale pale, na baadhi ya askari wake wakafa naye.

Habari za Wavell ni rahisi kuzipata. Alizaliwa 1882. Mwaka 1908 alisafiri hadi Makka akijifanya hujaji kutoka Zanzibar, akifuatana na Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi, na baadaye akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Binamu yake alikuja kuwa jemadari mashuhuri katika vita vya pili vya dunia. Lakini ukiuliza waliolala kando yake siku ile ni akina nani, watoto wa nani, wa mtaa gani wa Mombasa au kijiji gani cha mrima, vitabu vinajibu kwa neno moja: Waarabu. Hivyo tu. Idadi bila majina, na pengine hata idadi yenyewe hutofautiana.

Tofauti hiyo kati ya anayetajwa na wasiotajwa ndiyo inayobeba historia nzima ya wapiganaji na wapagazi waliopotea kusini mwa pwani ya Kenya. Wapo waliokufa wakazikwa na kaburi likajulikana. Wapo waliozikwa na kaburi likasahaulika. Na wapo wale ambao hakuna aliyewaona wakianguka, hakuna aliyewazika, na daftari likafungwa wakiwa si wazima wala si maiti.

Mpaka wa mwaka 1914 ulipita kusini kidogo tu ya Vanga, ukaikata nchi ya Wadigo vipande viwili. Upande mmoja ulikuwa wa Mwingereza, upande wa pili wa Mjerumani, na jamaa walikuwa kote kote. Mtu aliweza kutoka asubuhi kumzuru mjomba wake akajikuta amevuka kutoka himaya moja hadi nyingine bila kuona alama yoyote zaidi ya minazi. Vita vilipotangazwa Ulaya mwezi wa Agosti, ndugu hao wakaambiwa kwamba sasa ni maadui.

Septemba Wajerumani wakaanza kupanda kwa njia ya pwani kutoka Tanga. Shabaha yao ilikuwa Mombasa, bandari na kichwa cha reli ya Uganda. Walitarajia pia msaada kutoka baharini, manowari yao Königsberg ije ipige mji kwa mizinga wakati wao wanaingia kwa miguu. Königsberg haikufika, iliishia kunasa katika mikono ya Rufiji. Kwa miguu, hata hivyo, walisogea. Huko Majoreni walikutana na kikosi kipya cha Wavell, watu waliokusanywa Mombasa majuma machache tu nyuma, wengi wao Wahadhrami na Wayamani ambao hawakuwa wamewahi kupiga kwata. Walipigana kwa ushupavu, Wavell akajeruhiwa, na hatimaye wote wakarudi nyuma mpaka Gazi.

Gazi ya leo ni kijiji cha wavuvi na mikoko. Mgeni hupelekwa kutembea juu ya daraja la mbao linaloendeshwa na kina mama, akaelezwa habari za Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ya ukaa ulioanza 2013, kisha akaoneshwa nyumba ya Mbaruk. Nyumba ingali imesimama, ingawa mlango wake mkuu wa nakshi ulihamishiwa Fort Jesus. Ni nadra mgeni kuambiwa kwamba njia ya kwenda Mombasa ilifungiwa hapa.

Alfajiri ya vita vya Gazi ni ya tarehe 7 Oktoba 1914. Wajerumani walishambulia kambi iliyokuwa na mchanganyiko wa watu ambao pengine haujaonekana tena katika kijiji hicho: askari wa Wavell, Wahindi wa jimbo la Jind kutoka Punjab, na keya, yaani askari wa King's African Rifles, waliotoka Nyasaland. Mapigano yalikuwa makali. Maofisa wa Kizungu wa keya walijeruhiwa wote, na uongozi ukashikwa na sajini Mwafrika aliyewaongoza wenzake kuwarudisha Wajerumani nyuma. Anaitwa Sumani. Ameingia katika vitabu kwa jina hilo moja, bila la baba, bila la kijiji, na hata hivyo ana bahati kuliko wengi waliopigana naye, kwa sababu walau anaitwa.

Mombasa ikasalimika. Mwaka ulipogeuka, vita vilihamia Jasin, kijiji kilicho ng'ambo tu ya mpaka, karibu na Vanga. Tarehe 18 Januari 1915 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuja mwenyewe na jeshi kubwa kulizunguka boma lililokuwa na askari wapatao 300, wengi wao Wahindi kutoka Kashmir na kwingineko, pamoja na keya wachache. Walishikilia usiku kucha huku maji na risasi vikiwaishia. Kamanda wao, Kanali Raghbir Singh, aliuawa. Siku ya pili wakainua bendera nyeupe. Wajerumani walishinda, ila walipoteza maofisa na risasi nyingi kiasi kwamba Lettow-Vorbeck aliamua asipigane tena vita vya namna hiyo, akageukia mbinu ya kupiga na kukimbia iliyovirefusha vita hadi Novemba 1918. Waingereza nao wakaliacha bonde la Umba, Vanga ikaachwa, na ulinzi ukarudi kaskazini, upande wa Msambweni na Gazi.

Uamuzi huo wa Lettow-Vorbeck ulikuwa na gharama iliyolipwa na watu ambao hawakuwahi kushika bunduki. Vita vya kukimbizana porini, mbali na reli, penye mbung'o wanaoua ng'ombe, punda na farasi, huendeshwa kwa mabega ya watu. Kila risasi, kila gunia la mchele, kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins, na Waswahili wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Jina hilo limekaa Dar es Salaam, ambako soko kubwa limejengwa mahali pa kambi yao, na limekaa Nairobi kwa matamshi ya Kariokor. Katika masimulizi ya wazee ni jina la zama: fulani alizaliwa wakati wa Kariakoo, fulani alichukuliwa Kariakoo.

Neno "alichukuliwa" ni sahihi. Mwanzoni walikuwepo waliojitolea kwa ajili ya mshahara. Mwaka 1915 ikatungwa sheria iliyoipa serikali nguvu ya kuwakamata watu kwa kazi hiyo, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 John Ainsworth akapewa jukumu la kukusanya watu kwa wingi katika himaya yote, wilaya kwa wilaya, na machifu wakadaiwa idadi. Watu wa pwani walikuwa tayari wamekwisha kuonja uchungu huo. Wagiriama walipodaiwa watu wa kazi mwaka 1914 walikataa. Kaya Fungo, maskani yao matakatifu, ililipuliwa kwa baruti, vijiji vikachomwa, na Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani wao, akapelekwa uhamishoni. Huko kusini, kwa Wadigo na Waduruma, wengine walikimbilia porini au kuvuka mpaka machifu walipokuja kuhesabu vijana.

Aliyekamatwa alipewa blanketi, nguo, na kibati chenye namba cha kuvaa mwilini. Kibati hicho ndicho kiini cha habari hii, na kinafaa kutazamwa kwa karibu. Karani alikaa mezani na daftari lake. Mbele yake alisimama kijana wa Kidigo ambaye kwa kawaida ana majina zaidi ya moja: jina alilopewa na mama, jina la Kiislamu alilopewa na mwalimu wa chuo, jina la utani alilolipata machungani, na jina la mbari ambalo huanza na Mwa. Karani, ambaye pengine hakuwa mtu wa pwani, aliandika alilosikia. Kama kijana alisema Juma bin Hamisi, likaandikwa Juma bin Hamisi, na katika wilaya ya Vanga ya siku hizo akina Juma bin Hamisi walikuwa wangapi? Kama aliogopa akataja jina la uongo ili asifuatwe nyumbani, uongo ukaandikwa. Kuanzia hapo alikuwa namba. Kibati kikidondoka mtoni, au kikizikwa naye, hakuna kitu kingine kilichomfunga mtu huyo na mama yake.

Na vilidondoka vingi. Mzigo ulikuwa wa takriban kilo 25. Chakula kilikuwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka kwenye sufuria ndogo baada ya mwendo wa kutwa, na matumbo ya watu waliozoea muhogo, wali na samaki hayakuustahimili. Kuhara damu kuliua kuliko bunduki. Malaria, nimonia na vidonda vya miguu vilifuata. Katika mabonde ya Rufiji, Kilwa na Lindi mvua za 1917 zilifanya njia kuwa matope, na aliyeshindwa kuinuka asubuhi aliachwa chini ya mti kwa matumaini kwamba msafara wa nyuma utamwokota. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi karibu milioni moja walitumika upande wa Waingereza na washirika wao katika vita vya Afrika Mashariki, na kwamba waliokufa ni karibu 100,000. 

Asiyeonekana kwenye hesabu ya jioni aliandikwa mara nyingi kuwa mtoro. Kosa hilo la kalamu lilikuwa zito. Mtoro hana heshima ya aliyekufa kazini, familia yake haina madai, na chifu anaweza hata kumtafuta nyumbani kumkamata. Mama wa kijana aliyefia Mahiwa au Dodoma aliweza kuulizwa na tarishi wa serikali: mwanao yuko wapi? Naye ndiye aliyekuwa anangoja kuuliza swali hilo.

Mishahara nayo ilibaki. Fedha za maelfu ya marehemu hazikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa warithi hawakupata habari au hawakupatikana kwa majina yaliyoandikwa ovyo. Watkins mwenyewe, aliyewaongoza wapagazi na kuwaona wakifa, alipigania kwa miaka kwamba fedha hizo ni haki ya watu wao. Serikali haikuzilipa.

Huko nyumbani, kutoka Waa hadi Lunga Lunga, kila nyumba ililazimika kuamua lini kungoja kunakoma. Hili si jambo dogo katika sheria. Fikihi ina neno kwa mtu wa namna hii, mafkudi, aliyepotea asijulikane yu hai au la. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani, asili ni kwamba mtu huhesabiwa hai mpaka kifo chake kithibitike au kadhi ahukumu. Ipo pia rai mashuhuri ya Imamu Malik inayompa mke miaka minne ya kungoja, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi kama mjane. Kwa mke mwenye umri wa miaka ishirini, tofauti ya rai hizi mbili ni tofauti ya maisha mazima. Na kwa Wadigo ilikuwapo tata nyingine juu yake: mirathi ya kizamani ilikwenda kwa wapwa, watoto wa dada, huku sharia ikiwapa watoto wa marehemu. Nani arithi minazi ya mtu ambaye hajulikani amekufa?

Wenye kukata tamaa walimsalia mtu wao. Shafii wanaruhusu sala ya ghaibu, kumsalia maiti asiyekuwepo, na ibada hiyo ndiyo iliyokuwa kaburi la wengi. Jamaa husimama safu msikitini bila jeneza mbele yao. Imamu hutaja jina na jina la baba, takbiri nne hupigwa bila rukuu wala sijida, na jambo linakwisha kwa dakika chache. Baada yake husomwa hitima, uji na kahawa vikapita, na kuanzia jioni hiyo mama anaruhusiwa kulia kwa sauti. Kwa nyumba ambazo hazikuwa za Kiislamu, upande wa Waduruma na bara ya Kinango, mizimu ya wazee iliachiwa tembo chini, na aliyefia mbali akaitwa aje apumzike kwao. Hakuna karani aliyeandika ibada hizi popote. Ila katika ibada hizo jina lilitamkwa sawasawa, jambo ambalo daftari halikuliweza.

Dola iliyowatumia ilikuwa na njia yake ya kukumbuka, na njia hiyo ilikuwa ya matabaka. Tume ya makaburi ya vita ya Kifalme iliundwa 1917 kwa kanuni tukufu: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, kabila wala dini. Huko Ulaya kanuni ilifuatwa. Afrika Mashariki haikufuatwa. Wazungu walipewa mawe yenye majina. Makaburi ya wapagazi na askari wengi Waafrika yaliachwa yarudi porini, na ikaamuliwa kwamba kwao ukumbusho wa jumla unatosha. Gavana mmoja wa Kiingereza, Gordon Guggisberg wa Gold Coast, aliwaambia wakuu wa tume mwaka 1923 kwamba Mwafrika wa kawaida hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Mtu anayejua makaburi ya pwani hii, ya nguzo na ya matumbawe, yaliyochongwa karne nyingi kabla ya mashua ya kwanza ya Mwingereza, husoma maneno hayo kwa uchungu.

Ndipo zikaja sanamu. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilipata za shaba miaka ya 1927 na 1928, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Ya Mombasa iko kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, na watu wa Likoni na Diani wanaokwenda mjini huipita kila siku wakiwa ndani ya matatu. Ni kazi nzuri ya mikono. Miili imenyooka, nyuso zina utu, na mpagazi amepewa nafasi pamoja na askari. Maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanaahidi kwamba watoto wa shujaa watalishika jina la baba yao. Jina lenyewe halikuandikwa. Hakuna hata moja.

Miaka ishirini na mitano baada ya Kariakoo, pwani ikaombwa watu tena. Vita vya pili vya dunia vilizileta Kilindini meli za Uingereza za Bahari ya Hindi, zilizohamia hapo mwaka 1942 baada ya Wajapani kuipiga Ceylon. Likoni, ambako watu walizoea kuona majahazi na ngalawa, paliamkia manowari. Vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Uhabeshi, Madagaska, kisha Burma.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Miongoni mwake ilikuwa Khedive Ismail, ikiwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliobaki ni mabaharia, wafanyakazi wa meli, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi. Tarehe 12 Februari, alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa kombora. Baadhi ya abiria walikuwa wanasikiliza muziki ukumbini. Wapiga mizinga wengi walikuwa vyumba vya chini. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Kisha likaja jambo ambalo waliookoka hawakulisahau: nyambizi ilijificha chini ya maji penye watu waliokuwa wakielea, na manowari Petard ikalazimika kudondosha mabomu ya kina hapo hapo, juu ya wenzao. I-27 ilizamishwa siku hiyo hiyo. Watu 1,297 walikufa.

Hao hawana kaburi kwa maana ya wazi kabisa ya neno hilo. Lakini safari hii yaliandikwa majina. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na wapiga mizinga wa 301 wameorodheshwa humo pamoja na waliopotea Somalia, Uhabeshi na Madagaska. Waliopotea Burma wamo katika ukumbusho wa Rangoon huko Taukkyan, penye majina karibu 27,000. Mtu wa Msambweni anayemtafuta babu yake aliyechukuliwa na vita vya Hitila ana mahali pa kwenda kuweka kidole. Anayemtafuta baba wa babu huyo, aliyechukuliwa na Kariakoo, hana.

Swali la wasio na kaburi halikuzikwa pamoja na wakoloni. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab; mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikavamiwa ya Kulbiow. Miili mingine iliharibika kiasi cha kutambuliwa kwa vipimo vya vinasaba tu, wengine wakachukuliwa mateka, na serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa El Adde. Wazazi walikaa miezi wakingoja simu. Sheria ya ushahidi ya Kenya inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba kuhesabiwa amekufa, na miaka saba ni muda wa mtoto aliyezaliwa siku ya uvamizi kufika darasa la kwanza na kuulizwa na mwalimu kazi ya baba yake. Kila tarehe 14 Oktoba jeshi huadhimisha siku yake na kuwakumbuka walioanguka. Kwa nyumba isiyo na kaburi, siku hiyo ni ndefu.

Mabadiliko kwa wale wa zamani yamekuja kwa kuchelewa sana, ila yamekuja. Aprili 2021 tume ile ile ya makaburi ya vita, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita vya kwanza, na kwamba ubaguzi ulikuwa sehemu ya sababu. Waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023 alipelekwa makaburi ya Kariokor, Nairobi. Jambo lenye uzito zaidi kuliko ziara hiyo lilifanyika bila shamrashamra: tume na Jeshi la Ulinzi la Kenya walifukua kumbukumbu za zamani za kijeshi zinazoaminika kuwa na majina zaidi ya 3,000 ya Waafrika Mashariki waliokufa, majina ambayo kwa miaka mia moja ilisemwa kwamba hayapo.

Kazi ya kuyasoma ni kazi ya watu wa hapa. Karani wa Kiingereza wa 1917 aliandika sauti asizozielewa, na atakayezitambua ni mtu anayejua kwamba jina lililoanza na Mwa ni la mbari na si kosa la mwandiko, anayejua koo za Kinondo na za Tsimba, anayeweza kwenda kwa mzee wa kaya au imamu wa msikiti wa mtaani akauliza: nyinyi mlikuwa na mtu wa jina hili, aliyekwenda Kariakoo? Wazee wa namna hiyo wamebaki wachache. Masimulizi waliyoyapokea kwa tsawe zao, babu waliowaona waliorudi, hayatangoja ripoti nyingine.

Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa watumishi Waafrika wa vita hivyo hivyo waliokuwa hawana kaburi linalojulikana, zaidi ya 1,700. Waliousanifu hawakutumia shaba wala marumaru. Kila mtu amepewa nguzo yake ya mti iliyosimama wima, yenye jina lake na tarehe ya kufa kwake. Mtu wa pwani akiona picha yake hukumbuka mara moja vigango vya Wagiriama, nguzo za mbao zinazosimikwa kwa ajili ya wazee waliotangulia. Mti uliotumika Cape Town ni ule unaouzwa duniani kwa jina la iroko. Kwetu unaitwa mvule, na ungali unaota katika vilima vya Shimba, ambako Wavell na wenzake walianguka.